Mpira wa meza, vinyoya, tenisi, skwoshi: kila mchezo unaukamua mwili wapi?

#1 Mwisho wa Reli (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naandika kutoka Mwanga, Kigoma, mguu wa kulia nimeupandisha juu ya stuli. Leo ni siku ya tano. Nataka tuzungumze michezo ya raketi na namna kila mmoja unavyoukamua mwili. Laiti ningeelezwa mapema, nisingekuwa hapa.

Mimi ni mtu wa mpira wa meza. Nina miaka 43, na kwa miaka kumi na miwili wiki haipiti sijashika kibao. Jumamosi nacheza saa tatu mfululizo na bado naondoka napiga soga. Nilijihesabu mtu wa mazoezi. Jumamosi iliyopita nilikuwa Tabora kwenye shughuli ya kifamilia, jioni shemeji yangu akanichukua kwenda kucheza vinyoya (badminton) ukumbini na wenzake. Nikaona raketi ni raketi. Jicho ninalo, mkono ninao.

Na kweli jicho na mkono havikuniangusha. Kinyoya nilikiona tangu kinatoka kwenye raketi ya shemeji. Miguu ndiyo haikuwahi kuombwa kazi ya namna ile. Akikidondosha nyuma tu ya wavu, natupa mguu wa kulia mbele, hatua ndefu mpaka kinena kinavutika. Kisigino kinatua, goti linakunjika na kubeba mwili mzima, halafu papo hapo natakiwa nijisukume kurudi kwa sababu kinachofuata kinapigwa juu kwenda mstari wa nyuma. Mbele, nyuma, pembeni, ruka. Pointi 11 za seti ya kwanza zilipotimia, pale wachezaji wanapopewa sekunde 60 za kupumua, nilikuwa nasikia moyo masikioni. Seti ya pili, nikijisukuma kutoka kona ya nyuma, kigimbi kikashtuka kama mtu amekibana kwa koleo. Nikaacha.

Kesho yake mapaja yote mawili yakaanza kukaza. Jumatatu, siku ya treni, yalikuwa mbao. Mnaosafiri na reli mnajua ngazi ya kwanza ya behewa ilivyo juu kutoka chini. Nilishika chuma cha mlango kwa mikono miwili nikajivuta, mama mmoja nyuma yangu akanisukumia begi ndani. Usiku mzima Tabora mpaka Kigoma nikawa najiuliza, ile miaka kumi na miwili ilikwenda wapi?

Nimefika nikasoma, nikapima, nikaelewa. Meza yetu ina urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525. Nafasi ninayoihitaji nyuma yake ni hatua mbili tatu kila upande. Mpira una gramu 2.7 tu, lakini ukienda kilomita 100 kwa saa unavuka urefu wa meza ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hapo mwili unadaiwa kuwahi: kusoma kibao cha mwenzako, kuzungusha kiuno, kurudi tayari. Pointi nyingi zinaisha ndani ya sekunde tatu nne. Mapaja yanafanya kazi, ndiyo, lakini yakiwa yamekunjwa muda wote kama ya mtu anayepalilia. Kazi ya breki hayaijui.

Uwanja wa vinyoya una urefu wa mita 13.4, na upana wa mita 6.1 mkicheza wawili wawili, 5.18 mkicheza mmoja mmoja. Kwa hiyo una mita 6.7 za kulinda kutoka wavuni mpaka mstari wa nyuma, peke yako, na kinyoya hakisubiriwi kidunde. Hilo ndilo zito. Tenisi inakuruhusu mdundo mmoja, skwoshi vilevile, na kwenye meza mpira sharti udunde kwanza. Kwenye vinyoya ukichelewa, umechelewa. Pointi moja ya mmoja kwa mmoja inachukua sekunde sita mpaka kumi hivi, mapumziko ni kama mara mbili yake, kisha mbio tena. Kwa wachezaji wa juu moyo unapanda kupita asilimia 85 ya uwezo wake na unakaa huko huko.

Na ile breki: msuli unaouma sana siku ya pili ni ule uliobeba mzigo huku unarefuka. Ndivyo paja linavyofanya unapotua kwa hatua ndefu. Aliyewahi kushuka vilima vyetu na mzigo anajua kushuka kunauma kesho yake kuliko kupanda.

Sasa, wa tenisi na wa skwoshi mpo? Leteni uzoefu. Nyinyi mwili unawakamua wapi?

#2 Kando ya Ziwa

Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, nina kijana anaanza anza.

#3 Asali Mbichi

Mleta uzi, pole, na karibu tena Tabora ukipona. Nipo Ipuli. Mimi ni wa tenisi, naomba niutetee mchezo wangu.

Vinyoya vinachosha, sikatai. Ila raketi yake ina gramu 80 au 90, na kinyoya chenyewe kama gramu 5. Raketi yangu ni kama gramu 300 na mpira ni kati ya gramu 56 na 59.4. Kila ninapoupiga ukiwa umekuja na kasi, kifundo cha mkono, kigasha, kiwiko na bega vinapokea mtikisiko. Zidisha mara mia kadhaa kwa mchezo mmoja. Uwanja ni mita 23.77 kwa 8.23 kwa mmoja mmoja, na tunachezea nje, saa tisa alasiri, kwenye saruji inayorudisha joto usoni.

Halafu tenisi haina kikomo cha muda. Mwaka 2010 pale Wimbledon, John Isner na Nicolas Mahut walicheza saa 11 na dakika 5, siku tatu, seti ya mwisho ikaishia 70 kwa 68. Mchezo mrefu wa vinyoya ninaoukumbuka ni wa wanawake wawili wawili, ubingwa wa Asia mwaka 2016, dakika 161. Ni mrefu, lakini si saa 11.

Kilichonitesa mimi ni kiwiko. Nilikuwa napiga mpira wa upande wa nyuma ya mkono kwa mkono mmoja, na nachelewa. Unapochelewa, bega na kiuno vimeshamaliza kazi, nguvu yote inabaki kwenye kigasha. Ilianza kama mchomo mdogo upande wa nje wa kiwiko. Nikapuuza. Ikafika siku nanyanyua jagi la maji mezani mkono unaachia, maji yakamwagika mbele ya wageni. Nilikaa miezi saba bila raketi. Niliporudi nikajifunza kuupiga kwa mikono miwili, nikalegeza nyuzi za raketi, na mshiko nikauongezea kitambaa kwa sababu ulikuwa mwembamba nikawa naukamua.

Jambo jingine la hapa kwetu ambalo wachezaji hawaliangalii. Tabora tupo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Shirikisho la tenisi la dunia lina aina ya mpira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, kwa kuwa hewa nyepesi haiuzuii mpira. Sisi tupo mlangoni kabisa mwa kiwango hicho. Mpira wa kawaida hapa unakimbia zaidi kidogo kuliko Dar, na mwili unachelewa kwa kiasi hicho hicho. Rafiki zangu wanaotoka pwani siku ya kwanza wote wanapiga nje.

#4 Mwisho wa Reli

Asali Mbichi, asante, ya kiwiko imeniingia. Ila kuhusu saa 11, naomba niweke hoja kwa heshima. Katika tenisi muda ambao mpira uko hewani ni mdogo. Kwa kawaida ni kama sehemu moja ya tano ya muda wote wa mchezo, kwenye udongo unazidi kidogo. Mnaruhusiwa sekunde 25 kati ya pointi na pointi, sekunde 90 mnapobadilishana upande, 120 seti ikiisha. Siyo kwamba ni rahisi. Nasema uchovu wake ni wa namna nyingine. Ule wa vinyoya unakukaba koo sasa hivi. Wa tenisi unakuchimba taratibu, jua likisaidia.

#5 Asali Mbichi

Hapo tumeelewana. Saa ya kwanza sichoki kabisa. Saa ya tatu ndiyo naanza kuona miguu haisogei kwenye mpira ambao saa ya kwanza niliufikia nikitembea.

#6 Chumvi ya Uvinza

Habari zenu. Mimi nipo Uvinza kikazi lakini skwoshi nimecheza Dar miaka sita. Huku sijaona chumba hata kimoja, na nakiri naukosa mchezo ule.

Wengi hamjauona, nieleze kidogo. Ni chumba chenye kuta nne, mita 9.75 kwa 6.4, mpo wawili ndani, mnatazama ukuta mmoja. Hakuna upande wako na upande wangu, eneo ni hilo hilo mnapishana. Mpira ni wa raba, kipenyo milimita 40, gramu 24, na ukiwa wa baridi haudundi hata ukiuangusha kutoka begani. Wa mashindano una nukta mbili za njano. Lazima muupige ukutani dakika kadhaa mpaka upate moto, ukiushika kiganjani unahisi kama yai lililotoka kuchemshwa sasa hivi. Hapo ndipo mchezo unaanza.

Sasa ugumu wake. Mpira ukikupita kwenye tenisi, pointi imekwisha. Kwenye skwoshi ukuta wa nyuma unaurudisha. Kwa hiyo pointi haifi. Zaidi ya nusu ya muda wa mchezo mpira unatembea, na wewe unatembea nao. Unainama chini kabisa kwenye kona ya mbele, goti karibu liguse sakafu, unarudi katikati, unageuka kwenda kona ya nyuma, unarudi katikati. Chumba kimefungwa, jasho halikauki, baada ya nusu saa kuta zenyewe zinatoa unyevu. Nilikuwa nabeba fulana tatu. Mchezo mrefu wa wanaume, mwaka 2015, ulikwenda dakika 170 kati ya Leo Au wa Hong Kong na Shawn Delierre wa Kanada. Mimi dakika 40 zilinitosha kukaa sakafuni nikiwa nimeegemea mlango.

Mwaka 2028 Los Angeles skwoshi unaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Vinyoya viliingia 1992. Nimesubiri habari hiyo tangu naanza kucheza.

Onyo moja la dhati: macho. Mpira wa skwoshi ni mdogo kiasi cha kuingia kwenye tundu la jicho, mifupa ya pembeni haiuzuii kama inavyouzuia mpira wa tenisi. Nimemshuhudia mwenzetu akipigwa, amebaki na ukungu jicho moja mpaka leo. Miwani ya kinga, siku zote, hata mazoezini.

#7 Mama Wawili

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nipo Katubuka. Binti yangu ana miaka 11, anapenda sana hii michezo, ameona shuleni. Naomba ushauri wa kweli. Mchezo upi hautamharibia magoti mapema? Bibi yake anasema raketi itamfanya mkono mmoja uwe mkubwa kuliko mwingine. Pia jua la hapa naliogopa.

#8 Kigasha

Marahaba mama. Nafanya kazi ya kunyoosha viungo na kurudisha watu kwenye kutembea baada ya majeraha, kwa hiyo niseme ninachokiona mezani kwangu.

Kwanza mleta uzi. Una maumivu mawili na usiyachanganye. Mapaja yote mawili yaliyokaza kesho yake ni uchovu wa msuli usiozoea. Unafika kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, unaondoka wenyewe, kutembea taratibu kunausaidia. Kigimbi kimoja kilichoshtuka ukiwa uwanjani ni nyuzi za msuli zimechanika kidogo. Hicho kinataka subira. Simama, nyanyua visigino vyote viwili polepole, shusha polepole. Ikipita bila maumivu, siku zinazofuata fanya kwa mguu mmoja. Usikimbie kabla hujaweza kunyanyuka kwa mguu ule mmoja mara ishirini na kitu bila kuuma.

Na hili wote mlishike. Mtu akicheza, hasa vinyoya, akasikia mlio kisiginoni na kudhani amepigwa teke kwa nyuma, akageuka hakuna mtu, hiyo ni kano ya kisigino imekatika. Siyo ya kukanda wala kupaka dawa ya kuchua. Hospitali siku hiyo hiyo. Wengi wanaoletwa ni wanaume wa umri wa mleta uzi, waliokaa muda mrefu kisha wakaingia uwanjani siku moja kwa nguvu zote.

Mama, bibi hajakosea. Mifupa ya mkono wa raketi kwa walioanza tenisi utotoni inakuwa minene kuliko ya mkono mwingine, imepimwa na kuonekana. Siyo ugonjwa. Ni mfupa unaojibu mzigo, na umri wa binti yako ndio wenyewe wa mifupa kujijenga. Kinachotakiwa ni kumpa kazi na upande wa pili: arushe mpira kwa mkono wa kushoto, abebe ndoo kwa mikono yote, aruke kamba, aogelee ziwani penye usalama. Mtoto anayecheza mchezo mmoja tu mwaka mzima ndiye anayekuja kwangu na bega.

Magoti: kwa mtoto, kinachoyaharibu ni wingi na sakafu zaidi ya aina ya mchezo. Saruji tupu na ndala ni hatari kuliko mchezo wowote. Tenisi kwa watoto imeshapunguziwa ukubwa. Tangu 2012 mashindano ya chini ya miaka 10 hayatumii mpira wa kawaida, wanatumia laini unaodunda chini, na wadogo kabisa uwanja ni wa mita 11. Unaweza kuchora mwenyewe kwa chaki, mkafunga kamba katikati. Miaka 11 hata vinyoya vya uani vinamfaa. Jua: kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Kwa watu wazima, wanaokuja na kiwiko wengi hawajawahi kushika raketi. Ni mafundi rangi, maseremala, akina mama wanaokamua nguo nzito. Kano ni zile zile zinazonyanyua kiganja, zinashikia upande wa nje wa kiwiko. Kwa hiyo fundi anayecheza tenisi jioni anazitumikisha zamu mbili. Nikikuuliza kazi yako kabla sijagusa kiwiko, usishangae.

Na mwenye zaidi ya miaka 40 anayetaka kuanza vinyoya vya mmoja mmoja au skwoshi, apime presha kwanza. Michezo hii haimwambii moyo "jiandae". Inauita ghafla.

#9 Mama Wawili

Ahsante sana mwanangu, Mungu akuzidishie. Nimemsomea bibi yake, amefurahi.

#10 Njia Panda ya Kasulu

Wakuu, naona kila mahali mtandaoni wanasambaza kwamba michezo ya raketi inaongeza maisha. Tusiimeze nzima nzima.

Utafiti wenyewe upo. Wa 2017 ulifuatilia watu wazima zaidi ya 80,000 wa England na Scotland. Waliocheza michezo ya raketi walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 47 kuliko wasioicheza, waogeleaji 28. Wa Copenhagen uliotoka 2018 ukasema wacheza tenisi waliishi miaka 9.7 zaidi ya wasiofanya mazoezi, wa vinyoya 6.2, wa soka 4.7, wa kukimbia taratibu 3.2. Namba nzuri kwa macho.

Lakini nani anacheza tenisi Copenhagen? Mwenye muda, mwenye kipato, mwenye daktari. Watafiti wenyewe walisema hawawezi kuapa kuwa raketi ndiyo iliyoleta miaka hiyo. Mvuvi wa Kibirizi anavuta nyavu usiku kucha, mwili wake umefanya kazi kuliko wa mcheza tenisi yeyote, na hajafikiwa na utafiti huo.

Jambo moja naliamini bila takwimu. Raketi huichezi peke yako. Lazima mwenzako awepo ng'ambo ya wavu, na usipotokea atakupigia simu. Baba yangu mdogo alistaafu akakaa ndani mwaka mzima, kimya. Kilichomtoa ni meza moja ya mbao iliyochongwa na fundi wa mtaani na jirani anayekuja kila saa kumi na moja kugonga geti. Tukimwambia afanye mazoezi, hasikii. Akigongewa geti, anavaa viatu.

#11 Kibao Chekundu

Nina miaka 22, mpira wa meza. Mleta uzi unautendea haki nusu. Ukicheza karibu na meza kama wengi wanavyocheza, sawa, hatua mbili tatu. Cheza kwa kuzungusha mpira kutoka mbali na meza uone. Kila pigo linaanzia kwenye kidole gumba cha mguu, linapita paja, kiuno, bega, ndipo kibao. Ukipiga mkono tupu mpira haupandi wavu. Mimi kinachouma baada ya mashindano ni kiuno upande wa kulia na bega la mbele. Kigimbi hakiumi kamwe.

Na tangu mwaka 2000 mpira umeongezwa kutoka milimita 38 kwenda 40 ili upungue kasi na uonekane. Waliocheza zamani wanajua, sasa unatoa jasho zaidi kupata kasi ile ile.

#12 Mwisho wa Reli

Kijana, umenisahihisha na nimekubali. Nacheza karibu na meza, nazuia zaidi ya kushambulia. Nimeupima mchezo mzima kwa uchezaji wangu.

#13 Upepo wa Bangwe

Mbona hakuna aliyegusa upepo? Hapa Kigoma vinyoya wengi wetu tunachezea nje. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini unashuka ziwani mchana kutwa, unapiga kinyoya sawa na jani la mwembe. Mchezaji wa upande mmoja anakimbia mbele tu, wa upande wa pili anarudi nyuma tu na kuupinda mgongo. Nimecheza hivyo miaka, mgongo wangu unajua upande niliokuwa nasimama. Mbadilishane upande kila pointi tano sita, msisubiri seti iishe. Ama chezeni alfajiri, ziwa likiwa limetulia kama mafuta.

Tena vinyoya vya manyoya vina namba za kasi kwenye kopo. Joto na mwinuko vinakifanya kinyoya kiende mbali zaidi, kwa hiyo sehemu kama Tabora unachukua namba ndogo, 75 au 76, wakati ile 77 ni ya pwani kwenye joto la wastani. Mleta uzi, waulize shemeji zako walikuwa wanapiga namba ngapi. Kama ilikuwa 77 au 78 kwenye joto lile, kila kinyoya kilikuwa kinaruka mpaka mstari wa mwisho, na wewe ulikuwa unakimbizwa mita ya ziada kila mara bila kujua.

#14 Mwisho wa Reli

Upepo wa Bangwe, nimempigia shemeji. Ameenda kuangalia kopo. Ni 78. Alinunua vilivyokuwepo dukani.

#15 Asali Mbichi

Hiyo ya namba nitaipeleka ukumbini kesho. Tumekuwa tukilaumu viatu.

#16 Chumvi ya Uvinza

Swali kwa Kigasha. Mtu akitaka kuhama kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine, bila yaliyomkuta mleta uzi, aanzeje? Nafikiria kuanza tenisi kwa kuwa skwoshi huku hakuna.

#17 Kigasha

Wewe wa skwoshi miguu na pumzi unavyo, na kuinama unakujua. Bega ndilo halijui. Katika skwoshi huna kuanzisha mpira kwa nguvu kutoka juu ya kichwa, na raketi yako ilikuwa nusu ya uzito. Kwa hiyo wiki tatu za mwanzo anzisha mpira kwa nusu ya nguvu, mara thelathini kwa siku zitoshe. Pia kifundo cha mkono: skwoshi mnakitumia sana, ukikichezesha hivyo na raketi ya gramu 300 utaniona kabla ya Pasaka.

Anayetoka meza kwenda vinyoya afanye kinyume. Mkono aupumzishe, miguu aifundishe. Hatua ndefu mbele bila raketi, kumi kila mguu, siku tatu kwa wiki, goti lisipite kuingia ndani na mguu wa mbele utazame unakokwenda. Baada ya wiki mbili ndipo acheze, wawili wawili kwanza, kwa kuwa uwanja mnagawana.

Anayetoka tenisi kwenda meza hujeruhiwa mara chache. Anachoshwa na kichwa, mipira inakuja haraka kuliko alivyozoea kuamua.

#18 Kando ya Ziwa

Maji je? Kijana wangu anakunywa soda akimaliza.

#19 Kigasha

Maji kabla, maji katikati, kidogo kidogo. Zikipita saa mbili kwenye jua, maji yenye sukari kidogo na chumvi kidogo, na ndizi mbivu. Ugali wa muhogo na migebuka ya mawese ni chakula safi, ila ale saa tatu kabla, usimwachie aingie nao uwanjani tumboni.

#20 Mwisho wa Reli

Wakuu, narudi na mrejesho. Zimepita siku kumi na nne tangu kigimbi kishtuke. Nimefanya kama Kigasha alivyoelekeza: wiki ya kwanza miguu yote miwili, nikishika ukingo wa sinki la jikoni, mke wangu akihesabu huku anasonga ugali. Jana nimefika kumi na saba kwa mguu mmoja. Ya kumi na nane ikaanza kuchoma, nikasimama.

Mama Wawili, nilipita dukani nikapata kamba na chaki. Kuna uwanja wa saruji karibu na kwangu, una ukuta upande wa ziwani, upepo haufiki sana. Nimechora mstari wa mita 11. Jumamosi saa kumi na nusu jioni mlete binti, na bibi akiweza aje. Avae viatu vya soli ya mpira vyenye kamba, ndala abaki nazo nyumbani. Kando ya Ziwa, kijana naye aje. Upepo wa Bangwe, namba 76 nimeagiza Tabora, shemeji anazileta na treni ya Ijumaa. Kibao Chekundu, njoo na chako, meza tutaitoa ukumbini tuiweke kivulini, unioneshe hilo pigo linaloanzia kidole gumba.

Mimi nitakaa kwenye benchi nihesabu pointi. Bado tatu zifike ishirini.